Je, Wajua? Ziwa Mweru Lina Besi Yake

Sisi wapenzi wa muziki mpya tuna ugonjwa mmoja: tukisikia kuna bendi isiyo na lebo inapiga mahali tusipopajua, twauliza nauli kwanza, mengine baadaye. Safari hii nauli ni ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, karibu kilomita 1,000 kutoka Lusaka. Barabara inakufikisha ukingoni mwa Ziwa Mweru, ambako Nchelenge na Kashikishi zimeshikana hadi zimekuwa mji mmoja. Usitafute ukumbi wenye viti vya kulalia. Kuna dagaa walioanikwa juani, kuna mitumbwi, na kuna historia ndefu ya watu waliojitengenezea ala kwanza, nyimbo zikafuata. Maswali ni ya haraka haraka. Twende.

ZIWA KWANZA

Je, wajua kwamba ukisema "Ziwa Mweru" umesema "Ziwa Ziwa"? Katika lugha za eneo hilo, mweru ni ziwa tu. Jirani yake anaitwa Mweru Wantipa, yaani ziwa la matope.

Wajua ukubwa wake? Kama kilomita za mraba 5,120, mita 917 juu ya usawa wa bahari. Zambia inamiliki zaidi kidogo ya nusu. Sehemu iliyobaki ni ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mpaka umepita katikati ya maji, mahali ambapo huwezi kujenga geti.

Je, wajua kwamba Kilwa si moja? Msomaji wa Lindi anaijua Kilwa Kisiwani. Lakini Mweru nalo lina kisiwa cha Kilwa upande wa Zambia, na ng'ambo, upande wa Kongo, kuna mji wa Kilwa pia. Huko ukimwambia mtu "tukutane Kilwa", mtajie ni ipi, la sivyo mtapishana majini.

Wajua maji ya Nchelenge yanaishia wapi? Mto Luapula unaingia ziwani kusini. Luvua unatoka kaskazini, kwenye mji wa Pweto, unaungana na Lualaba, na Lualaba ndio Mto Kongo wenyewe. Kwa hiyo maji anayonawia mvuvi wa Kashikishi yako safarini kwenda kupita kati ya Kinshasa na Brazzaville, miji ya rumba, muziki ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2021. Maji huteremka. Rumba ilipanda.

Je, wajua kwamba Kiswahili kinasikika ng'ambo ya ziwa? Upande wa Kongo, Pweto na Kilwa, ni lugha ya soko na ya wimbo. Upande wa Nchelenge watu wanazungumza Kibemba, lakini mgeni kutoka Tanga hapotei sana: nyimbo kwa Kibemba ni inyimbo, ngoma ni ingoma. Ukikaribishwa utaambiwa "mwaiseni", na neno la heshima la kufungia sentensi ni "mukwai". Lishike hilo la pili, tutalihitaji.

BESI ILIYOUPA MTINDO JINA

Je, wajua kwamba kalindula ni ala kabla ya kuwa mtindo? Mtu akisema "wanapiga kalindula" anamaanisha muziki wa kasi wa magitaa uliochipuka Luapula na kuenea Zambia nzima. Lakini jina ni la besi: ala kubwa ya kutengenezwa kwa mkono, yenye nyuzi kuanzia mmoja hadi minne. Fikiria taarabu ingeitwa jina la besi yake badala ya kuachia sifa zote fidla na kanuni. Luapula walimpa heshima yule wa nyuma.

Umewahi kumtazama mpiga besi hiyo kwa karibu? Ameketi, ala imesimama mbele yake kama mtu wa tatu katika mazungumzo. Chini kuna mwili mpana: kibuyu, sanduku la mbao au pipa, juu yake ngozi iliyokazwa. Kutoka hapo mti mrefu umepanda hadi juu ya kichwa chake, na uzi umeshuka toka kilele hadi kwenye ngozi. Mkono mmoja unabana uzi na kuteleza, juu, chini, juu, mwingine unachapa. Sauti haitoki kama sauti ya uzi. Inatoka kama mtu anayegonga mlango kwa kiganja, mara mbili, kisha akakumbuka la tatu. Mimi huisikia tumboni kabla ya masikioni.

Je, wajua kwa nini mwili wake lazima uwe mnene? Sauti ya chini ina mawimbi marefu. Noti inayotetemeka mara 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 7. Uzi peke yake ni mwembamba mno kusukuma hewa kiasi hicho. Unahitaji ngozi pana na tumbo kubwa la kuusaidia. Fundi wa kijijini anayechagua pipa badala ya kopo hajasoma fizikia hiyo darasani, ila sikio lake linaijua.

Na banjo? Banjo ya Zambia si ile ya Marekani. Ni gitaa dogo la kienyeji, mwili wake bati la mafuta au mbao iliyochongwa, na nyuzi zake zinaweza kutoka kwenye waya wa breki ya baiskeli uliofumuliwa. Kwa hiyo ukiona baiskeli isiyosimama karibu na jukwaa, usishangae: huenda breki zake ziko kwenye wimbo.

Je, wajua kwamba besi hii ina ndugu aliyesafiri Ulaya? Malawi wanaiita babatoni, na wawili wa Madalitso Band wameizungusha kwenye matamasha ya nje wakiwa na gitaa, ngoma ya kupigwa kwa mguu na uzi mmoja wa babatoni. Kabla ya Ulaya walipita Zanzibar, Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004 na lenye sharti la kupendeza: kila anayepanda jukwaani apige laivu. Pleibeki ibaki nyumbani.

WALIOIMBA NA WALIOSIKIA

Wajua jina ambalo huwezi kulikwepa ukitaja kalindula? P.K. Chishala. Peter Kalumba Chishala alizaliwa 1957, hakuwa na uwezo wa kuona, na alifariki 1991. "Common Man" ni kati ya nyimbo zake zilizoenea zaidi. Aliwaimba watu wa chini kwa Kibemba chenye utani na makali, na waliokuwa wadogo enzi zake bado wanazirudia nyimbo hizo bila kuangalia maneno.

Je, wajua kwamba bendi inaweza kujipa jina la marehemu wake? Emmanuel Mulemena alipofariki mwaka 1982, wenzake hawakuvunja kundi. Walijiita Junior Mulemena Boys wakaendelea kupiga.

Na Shalawambe? Ni kundi la ndugu wa ukoo wa Kabwe kutoka Luapula. Mwaka 1989 lebo moja ya London ilitoa mkusanyiko uitwao Zambiance!, na Shalawambe wamo. Wapenzi wa muziki huko Uingereza wakaanza kujifunza kutamka neno kalindula.

Je, wajua kwamba gwiji mmoja wa gitaa aliokotwa barabarani? Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alikuwa Jadotville, mji wa Kongo unaoitwa Likasi leo. Akamkuta kijana anatembea mtaani huku anapiga gitaa. Kijana huyo alikuwa Jean Bosco Mwenda. Tracey alimnasa papo hapo, na kati ya nyimbo za siku zile ni "Masanga", ambayo wapiga gitaa wa dunia bado wanavunja vidole kuijaribu. Bosco alitumia viwili tu vya mkono wa kulia: dole gumba na cha shahada. Na aliimba kwa Kiswahili.

Wajua Kiswahili hicho kina mjomba Tabora? Bosco alikuwa wa Bayeke, watu wa ufalme wa Msiri kule Bunkeya, na Msiri alitoka Unyamwezi. Wafanyabiashara wa pwani nao walipita njia hizo hizo: mwaka 1867 Tippu Tip alipigana na Nsama, chifu wa Watabwa, si mbali na Mweru, na baadaye akaisimulia vita hiyo katika kitabu cha maisha yake, kwa Kiswahili. Mwaka huo huo wa 1867, mwezi Novemba, Livingstone alifika Mweru akiwa ameandamana na msafara wa wafanyabiashara. Ziwa hili halijawahi kuwa mwisho wa dunia kwa Mswahili. Lilikuwa kituo.

Je, wajua mwisho wa Bosco? Baada ya kupiga hadi tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1990. Ajali hiyo ilitokea Zambia.

Na je, wajua shabiki anaweza kwenda umbali gani? Mpiga gitaa Mwingereza John Low alifunga safari hadi Lubumbashi akajifunze kwa Bosco mwenyewe na kwa mpiga gitaa mwingine, Losta Abelo. Matokeo yake ni kitabu kidogo, Shaba Diary, cha mwaka 1982. Nikikisoma hucheka peke yangu: ni mtu aliyeuliza nauli kwanza, mengine baadaye.

PWANI ILIVYOFIKA BARA NA PIPA LAKE

Je, wajua kwamba ngoma ya beni ya Lamu na Mombasa ina mjukuu Zambia? Beni ilianza pwani ya Waswahili mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi: magwanda, vyeo, paredi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, askari na wapagazi waliisambaza hadi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ndiyo Zambia ya leo. Terence Ranger aliifuatilia safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Mmoja wa wajukuu wa beni ni ngoma ya kalela.

Wajua wachezaji wa kalela walivaaje? Mwaka 1956 J. Clyde Mitchell alichapisha utafiti kuhusu kundi la Wabisa huko Luanshya, kwenye migodi ya shaba, ambako vijana wa Luapula na mikoa jirani walikwenda kutafuta kazi. Suruali zilizopigwa pasi, viatu vinavyong'aa, nywele zenye njia. Walikuwa na "daktari" mwenye joho jeupe na "sista" aliyewazungukia na kioo na leso wajitazame na kujifuta jasho. Hakuna aliyetibiwa. Ilikuwa shoo.

Na ngoma zao? Mapipa ya mafuta ya lita 200 yaliyofunikwa ngozi ya ng'ombe. Lile pipa lililoleta mafuta ya mashine ya mzungu, mchimbaji alilivika ngozi akalirudishia sauti. Ukiona pipa kwenye besi ya kijijini leo, jua si umaskini unaojificha. Ni desturi yenye umri.

REDIO YENYE SURA YA SUFURIA

Je, wajua kwamba redio iliyobadilisha masikio ya Zambia iliitwa sufuria? Mwaka 1949 Harry Franklin, afisa wa habari wa serikali ya kikoloni, aliishawishi kampuni ya Ever Ready kutengeneza redio ya betri kwa wananchi wa kawaida. Umbo lake lilikuwa la mviringo kama sufuria ya alumini, rangi yake ya buluu, bei yake pauni 5 bila betri. Kituo cha Lusaka kilitangaza kwa lugha za wenyeji na kupiga nyimbo za wenyeji.

Wajua nani alikuwa miongoni mwa sauti za kituo hicho? Alick Nkhata, mtangazaji na mpiga gitaa, aliyewahi kusafiri na Tracey akinasa muziki wa vijijini, kisha akatunga wake. Aliuawa mwaka 1978 katika shambulio la majeshi ya Rhodesia ndani ya Zambia.

Na amri ya rais? Miaka ya 1970 Kenneth Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia. Watangazaji waliamka wakiwa na saa nyingi za kujaza na santuri chache za kujazia. Bendi za mikoani, ambazo jana zilikuwa za harusi na vilabu vya pombe, zikaitwa studio. Kalindula iliingia kwa mlango huo.

Je, wajua walioingia na magitaa ya umeme? WITCH walitoa santuri yao ya kwanza, Introduction, mwaka 1972, rock yenye ladha ya nyumbani ambayo leo dunia inaiita Zamrock. Mwimbaji wao Emmanuel Chanda aliitwa Jagari, kutoka jina la Mick Jagger lililovaa kanzu ya Kiafrika. Umeme wa muziki ulipokatika akaenda kuchimba vito. Miaka ikapita, wakusanyaji wa santuri wa nje wakazichapa upya, akarudi jukwaani, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango. Mara nyingine shabiki wa kweli anachelewa miaka 40, lakini anafika.

MWATA AKIINGIA UWANJANI

Je, wajua shoo kubwa kuliko zote katika bonde la Luapula haina tiketi ya VIP kwa mchezaji mkuu? Wikendi ya mwisho ya Julai, huko Mwansabombwe, kusini mwa Nchelenge, Mwata Kazembe wa Walunda huadhimisha Mutomboko. Siku hiyo mfalme hatazami tu. Anacheza mwenyewe, shoka mkononi, upanga mkononi, peke yake mbele ya umati.

Wajua ngoma inayoongea? Katika ala za Mwata kuna mondo, gogo lililochimbwa ndani, lisilo na ngozi. Midomo miwili ya mwanya wake hutoa sauti mbili, ya juu na ya chini, na kwa kuwa lugha yenyewe hupanda na kushuka kwa toni, mpigaji anaweza kutamka majina ya sifa bila kufungua kinywa.

Na ziwa lilipataje mwenyewe? Wanasimulia kwamba Nkuba, chifu wa Washila, alimuua mtoto wa dada yake Nachituti. Mama akaenda kwa Kazembe kuomba kisasi, akakipata, na kwa shukrani akamkabidhi kikapu cha udongo na chungu cha maji: nchi na ziwa. Mwanahistoria David Gordon alikitumia kisa hicho kuipa jina historia yake ya uvuvi wa Mweru, iliyotoka 2006.

UKIFUNGA SAFARI

Je, wajua kwamba kalenda ya bendi imeandikwa na samaki? Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Wavu ukining'inia, mfuko nao unaning'inia, na asiye na hela haendi dansini. Machi uvuvi ukifunguliwa, hela inarudi. Panga safari yako kwa kufuata wavu.

Na mwezi wa angani? Dagaa wa Mweru, chisense, huvuliwa usiku kwa taa. Taa hufanya kazi gizani. Mwezi ukiwa mpevu, samaki hawaoni taa ni ya nini. Kwa hiyo usiku wa giza mvuvi yuko majini, usiku wa mbalamwezi yuko nchi kavu ana nafasi. Kama ningekuwa na bendi Kashikishi, ningetazama juu kabla ya kubandika tangazo.

Wajua kwa nini walio majini nao husikia dansi? Usiku upepo hupenda kuvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, ukibeba sauti. Tena maji tulivu hayamezi sauti kama majani yanavyomeza, yanairusha mbele. Na hewa iliyogusana na maji ikiwa baridi kuliko iliyo juu yake, sauti hupinda kurudi chini badala ya kupotelea angani. Mvuvi hajalipa kiingilio, na bado anapata besi.

Je, wajua duka la muziki la leo likoje? Kijana, meza, kompyuta kuukuu na spika. Unampa kadi ya memori, anakujazia nyimbo. Msanii asiye na lebo anasikika hadi ng'ambo ya ziwa kwa njia hiyo, ila meza hiyo haimpi chochote. Anachokula yeye ni kile kinachokusanywa usiku wa shoo.

Swali la mwisho halina zawadi. Kati ya nyimbo zilizopigwa pande hizi zote mbili za ziwa mwaka 1952, tunazisikia zipi leo? Zile tu ambazo mtu alisimama karibu nazo akiwa na kinasa sauti. Tracey alihitaji gari lililojaa mitambo. Wewe unayo simu mfukoni, na bendi imeshaanza kukaza ngozi ya besi kwenye moto.

Lakini kwanza lipa mlangoni, mukwai.